Mali ikishauzwa hairudishwi? Nani kasema?

 Najua nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki kadhaa. Sikuishiwa maneno. Nilikuwa nahangaika na pikipiki. Pikipiki yenyewe si yangu, ni ya mdogo wangu, na fedha iliyoinunua si yake wala si yangu, ni ya kahawa ya mzee wetu kule Mbinga. Naomba leo niwasimulie yaliyotokea, halafu niseme la moyoni. Mwenye haraka asome mwisho, lakini naona ni heri tuanze mwanzo, maana kosa la kwanza katika hadithi hii ni langu mwenyewe.

Kwa wasiopafahamu kwetu: Mbinga iko Umatengoni, mkoani Ruvuma, kama kilomita 100 hivi kutoka Songea. Ni milima na mashamba ya kahawa mpaka macho yachoke. Ukiendelea mbele unateremka hadi Mbamba Bay, makao makuu ya wilaya ya Nyasa iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Barabara hiyo ya kilomita 66 zamani ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Siku hizi ni lami. Unatoka kwenye baridi ya juu, unazunguka kona, unazunguka nyingine, mara Ziwa Nyasa hilo hapo chini. Vijana wa bodaboda hushusha abiria na mizigo, hupandisha dagaa na mbasa. Mdogo wangu alitaka kuwa mmoja wao.

Kwetu fedha ya kahawa haiji kila mwezi kama mshahara. Mnavuna, mnapeleka AMCOS, mnasubiri. Ikitoka ndipo utaona mabati mapya, harusi, ada za shule, na pikipiki. Msimu uliopita mzee aliamua ya kwake iwe pikipiki. Wakaenda yeye na dogo mpaka Songea, wakahesabu Shilingi 2,850,000 mezani, wakarudi na chombo kipya chenye nailoni bado kwenye siti. Mama alinipigia simu huku anacheka, nami nikafurahi nao.

Siku ya nne dogo akanipigia. "Kaka, hii pikipiki asubuhi inatoa moshi. Halafu inakula oili. Juzi nimeongeza, leo imepungua tena."

Mimi nilikuwa mezani kwangu hapa Dar, mhariri ananidai habari. Nikamjibu kama mtu anayejua: "Mpya hiyo, dogo. Ipe muda, injini itazoea."

Wadau, mimi nina shahada. Nimeshahudhuria warsha zisizopungua tatu za haki za mlaji. Kila tarehe 15 Machi, siku ya haki za mlaji duniani, naenda ukumbini, nakula chakula cha mchana, naandika "Walaji watakiwa kudai haki zao," narudi nyumbani. Halafu mlaji wa damu yangu ananipigia simu, mimi namwambia asubiri. Kumbe kusubiri ndiko kulikokuwa kunamuua. Nitaeleza kwa nini.

Siku ya 17 dogo alikuwa anapanda kutoka ziwani na abiria mmoja na ndoo ya dagaa. Injini ikaanza kugonga, ikapoteza nguvu, ikazima kwenye mlima. Akaiachia irudi kwa mteremko mpaka Mbamba Bay. Pale kuna fundi chini ya mwembe. Fundi kafanya anachojua: kashika spana, kafungua injini. Akakuta ringi za pistoni zimekwaruza silinda vibaya. Akamwambia, "Mdogo wangu, hii ilitoka dukani hivi hivi." Inawezekana alisema kweli. Lakini hakukuwa na karatasi, hakukuwa na picha, hakukuwa na shahidi, na injini ilikuwa imelala kwenye gunia vipande vipande.

Nikachukua likizo, nikapanda basi la alfajiri. Tukapakia pikipiki kwenye Fuso, mimi, dogo na mzee, mpaka dukani Songea. (Jina la duka nitalihifadhi. Hadithi hii haiwahusu wao peke yao.) Yule kijana wa kaunta alimwamkia mzee vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," akatukaribisha viti. Alipouona ule mfuko wa gunia uso ukabadilika. "Nani kawaambia mfungue? Waranti imekufa hapo hapo." Akageuza risiti, akaweka kidole kwenye mstari wa chini: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Mzee akasimama. Akasema, "Basi wanangu, twendeni. Kuna mwaka kahawa inapata chulebuni. Mwaka huu chulebuni imeingia kwenye pikipiki."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ya kijana wa kaunta. Chulebuni ni ugonjwa, unakuja na mvua na ukungu, hauna wa kumshitaki. Pikipiki mbovu iliuzwa na mtu, kwa fedha, kwa risiti. Baba yangu alikuwa tayari kuyaweka mambo haya mawili kapu moja, na sidhani kama yuko peke yake. Usiku ule, nyumba ya wageni pale Songea, ndipo nilipokaa kusoma nilichotakiwa kukisoma siku ya nne.

Nilichokikuta ni hiki, kwa lugha ya kijiweni.

Kuna vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kimoja ni waranti. Waranti ni ahadi ya muuzaji au mtengenezaji, iliyomo kwenye kile kitabu kidogo mnachopewa na funguo. Ina masharti yake: fanya huduma ya kwanza kwa wakala, tumia oili iliyotajwa, usifungue injini kwingine, usizidishe mzigo. Ahadi hiyo kaitunga mwenyewe, na masharti kayatunga mwenyewe.

Kitu cha pili ni sheria, na hii haikutungwa na duka. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, tuliyoachiwa na Mwingereza tangu Tanganyika ya 1931, nayo imefuata ile ya kwao ya 1893. Inasema ukinunua bidhaa kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo, kuna masharti yanayohesabika kuwamo kwenye mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka. Bidhaa iwe na ubora wa kuuzika. Na kama ulimweleza muuzaji unaitakia kazi gani, ukategemea ujuzi wake, basi ifae kwa kazi hiyo. Pikipiki mpya inayokwaruza silinda ndani ya siku 17 haina ubora wa kuuzika, labda kama uliambiwa unanunua chuma chakavu.

Kwa hiyo waranti ikifa, sheria haifi nayo. Kijana wa kaunta alituonyesha kaburi la waranti, sisi tukadhani tumezikwa wote.

Na ule mstari wa chini ya risiti? Kuna mahali una haki yake. Ukinunua shati jekundu, ukafika nyumbani ukatamani la bluu, sheria haikusaidii. Hapo mali ikishauzwa hairudishwi kweli. Lakini mali mbovu ni habari nyingine. Ni kweli ile sheria ya 1931 inaruhusu muuzaji na mnunuzi kukubaliana kuyaondoa masharti niliyoyataja. Ndiyo maana mwaka 2003 Bunge likapitisha Sheria ya Ushindani, iliyoleta Tume ya Ushindani, ile FCC tunayoiona kwenye habari ikiteketeza bidhaa bandia. Sheria hiyo inamlinda mlaji katika mikataba yake, ina wajibu wa watengenezaji, na inakataza kumpotosha mnunuzi. Na mlaji kwa sheria hii si mama mwenye kikapu sokoni peke yake. Ni mtu anayenunua kitu si kwa nia ya kukiuza tena. Dogo hakununua pikipiki aiuze, alinunua aiendeshe. Anahesabika.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Sheria ya Mauzo inampa mnunuzi silaha mbili. Ya kwanza ni kubwa: kuikataa bidhaa, kuirudisha na kudai fedha yako yote. Ya pili ni ndogo: kubaki nayo na kudai fidia ya hasara. Lakini silaha kubwa ina muda. Ukikaa na bidhaa kwa "muda wa kuridhisha" bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa, sheria inakuhesabu umeipokea. Ukishahesabika umeipokea, silaha kubwa inaondoka mkononi, unabaki na ile ndogo. Muda wa kuridhisha ni siku ngapi? Sheria haisemi. Hakimu ndiye anayeamua kwa kuangalia mazingira.

Mmenielewa? Nilipomwambia dogo "ipe muda," nilikuwa nammalizia muda. Moshi wa siku ya nne ulikuwa ni wakati wa kupanda gari kwenda Songea na kusema, "Hii siitaki." Siku ya 17, injini imefunguliwa, tulikuwa tayari tunabembeleza. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huo niliudharau mimi, msomi wa familia.

Basi, kwa faida ya atakayekumbwa kesho, naweka hapa mpangilio ambao ningempa mdogo wangu laiti ningejua.

Kwanza, kabla ya kulipa, sema kazi yake. Usiingie dukani ukataja jina la pikipiki na rangi tu. Sheria ile ya 1931 ina mlango wa nyuma: ukinunua kitu kwa jina lake la biashara tu, lile sharti la kufaa kwa kazi maalumu linaweza lisikusaidie. Mwambie muuzaji, "Nataka ya kubeba abiria Mbinga na Mbamba Bay, kwenye milima. Ipi itafaa?" Muulize mbele ya uliyekwenda naye. Jibu lake ni mali.

Pili, ikague. Iwashe, isikilize, izungushe. Kasoro ambayo ungeiona kwa kuikagua ukiwa dukani, hukuiona kwa uzembe, itakuwa mzigo wako. Iliyofichika ndani ya injini haikuhusu, maana hakuna anayefungua injini kaunta.

Tatu, dai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye bei halisi uliyolipa. Ule wimbo wa TRA, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti," tumeuzoea mpaka hatuusikii. Ukikubali risiti ya nusu bei ili upunguziwe elfu hamsini, siku ya kudai utakuwa na ushahidi wa nusu bei. Na jina liwe la mwenye kununua. Hili liwaingie hasa vijana wa "mkataba," wale ambao bosi ananunua pikipiki, kijana anarudisha kidogo kidogo kila wiki mpaka iwe yake. Mnunuzi hapo ni bosi. Pikipiki ikilala, hesabu ya wiki inaendelea kudaiwa, na kijana hana risiti ya kwenda nayo popote. Waandikiane mapema: chombo kikiwa kibovu cha kuzaliwa, nani anakwenda dukani, na hesabu inasimama au haisimami?

Nne, soma kile kitabu. Najua, hakuna anayekisoma. Angalia waranti inahesabiwa kwa miezi au kwa kilomita, maana bodaboda inamaliza kilomita kabla ya miezi. Angalia kama biashara ya abiria imeondolewa. Angalia karakana iliyotajwa iko wapi. Fanya huduma ya kwanza pale walipoandika, hata kama ni mbali, na upigiwe mhuri.

Tano, dalili ya kwanza ikitokea, simamisha chombo na uandike. Si simu peke yake. Barua, hata ya mkono, yenye tarehe: nilinunua siku fulani, kasoro hii imeonekana siku fulani, naikataa au nataka itengenezwe bila gharama, nasubiri jibu ndani ya siku saba. Peleka nakala mbili, moja waisaini na kugonga mhuri wa kupokea. Wakigoma kusaini, tuma kwa njia yenye kumbukumbu na upige picha. Video ya moshi yenye tarehe ina thamani kuliko kiapo.

Sita, spana ikae mbali. Usifungue injini kabla muuzaji hajaiona au hajakataa kuiona kwa maandishi. Ikilazimika, mtafute fundi mzoefu asiye wa duka, aandike alichokikuta na asaini, na muuzaji aalikwe awepo. Fundi wetu wa mwembe hakuwa mbaya. Alikuwa msaada uliokuja bila kalamu.

Saba, usikubali kurushwa kama mpira. Watakwambia, "Nenda kwa wakala Dar," na wakala atasema, "Kiwanda kiko India," au China. Kwa Sheria ya Mauzo, aliyekuuzia ndiye anayekudaiwa kwanza. Yeye na wakala wake watajuana wenyewe.

Ikishindikana yote hayo, kuna milango. Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji. Halmashauri ina Afisa Biashara, ambaye wengi wetu tunamkumbuka siku ya leseni tu. Kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na kuna Mahakama ya Mwanzo, ambayo sisi watu wa mjini tunaidharau. Tangu marekebisho ya 2016 inaweza kusikiliza madai ya mkataba yasiyozidi Shilingi milioni 30, ambayo ni pikipiki kumi na ushee. Inaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Ile silaha ndogo ya kudai fidia nayo haiozi haraka: ukomo wa madai ya mkataba ni miaka sita. Kwa hiyo aliyechelewa kukataa bado hajachelewa kudai.

Nisiwe mnafiki, upande wa pili nao una maneno. Si kila pikipiki inayokufa ilizaliwa mgonjwa. Kuna wanaopakia mishikaki, abiria watatu na gunia. Kuna petroli ya chupa kijijini ambayo Mungu ndiye anayejua ilichanganywa na nini. Kuna wanaosahau oili mpaka injini ilie. Muuzaji ana haki ya kuuliza maswali hayo, na mahakama itayauliza pia. Ndiyo maana nasisitiza tarehe na karatasi. Anayeripoti moshi siku ya nne ni vigumu kuambiwa ameua injini kwa mishikaki. Anayeripoti mwezi wa tatu atakuwa na kazi.

Sasa la moyoni.

Nimewaambia sheria ipo, na ni kweli ipo. Lakini sheria inayomtaka mkulima wa Umatengoni ajue maana ya "muda wa kuridhisha" haijamfikia. Hao Waingereza waliotuachia maneno hayo wamekwishayapunguza kwao. Sheria yao ya 2015 inampa mlaji siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu na kupata fedha yake. Siku 30, namba, hata mtoto wa darasa la tatu anaihesabu. Marekani gari jipya bovu huliita limau, na tangu Connecticut ilipoanza mwaka 1982, majimbo yana sheria za malimau: gari likirudi karakana kwa kasoro ile ile mara kadhaa bila kupona, mtengenezaji anabadilisha au anarudisha fedha. Sisi bado tumeshikilia sentensi ya 1893, ya enzi ambazo mtu alikuwa akinunua farasi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na naomba mnipinge kama nimekosea.

La kwanza, tuwe na namba. Bunge liweke siku 30 za kurudisha chombo cha moto kipya chenye kasoro ya kiwanda. Wauzaji nao watafaidika, maana watajua siku ya 31 mchezo umebadilika.

La pili, anayeuza waranti auze na karakana. Unauzaje Mbinga na Nyasa waranti inayokufa mtu akifunguliwa injini na fundi wa jirani, wakati karakana unayoitambua iko Songea au mbali zaidi? Kijana wa Lituhi au Liuli pikipiki ikizima afanye nini, aibebe kichwani? Waranti ambayo mteja hawezi kuitimiza ni pambo la mauzo. Ama mafundi wa wilayani wafundishwe na kutambuliwa, ama usafiri wa kwenda karakana ndani ya muda wa waranti uwe juu ya muuzaji. Marekani walishakataza tangu 1975 mtengenezaji kuifunga waranti kwa spea au huduma ya jina fulani ambayo mteja anailipia. Si jambo geni duniani.

La tatu, FCC iteremke mlimani. Mbinga sijawahi kuona dirisha lake. Si lazima wajenge jengo. Afisa Biashara wa kila halmashauri apewe fomu ya malalamiko na wajibu wa kuituma, na akikaa nayo aulizwe. Na Wakenya wana kitu cha kuiga: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi Shilingi milioni moja za kwao, shauri linatakiwa liishe ndani ya siku 60. Kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo chakula, kasi ya shauri ni sehemu ya haki yenyewe.

Na sisi waandishi? Tuache kungoja tarehe 15 Machi. Pikipiki zinauzwa kila siku.

Mtauliza, ya kwetu iliishaje? Asubuhi ile pale Songea niliandika barua kurasa mbili. Nikaeleza tarehe zote, pamoja na ile simu ya siku ya nne, na kwamba waranti ikifa sheria haifi. Nakala kwa FCC, nakala kwa Afisa Biashara. Mzee akasaini, maana jina kwenye risiti ni lake. Meneja aliyetoka nyuma hakuwa yule kijana. Aliisoma mara mbili, akauliza, "Mzee, hivi hizi nakala zimeshatumwa?" Nikamjibu ile ya Afisa Biashara ipo mfukoni, natoka hapa naipeleka.

Walibadilisha silinda, pistoni na ringi bila malipo. Kurudisha fedha walikataa, wakasema imefunguliwa na muda umepita, na hapo, kusema kweli, walikuwa na hoja niliyowapa mimi mwenyewe. Fuso tulilipa sisi. Wiki sita dogo hakupata hata mia. Hizo hakuna aliyezirudisha. Tungeweza kuzidai Mahakama ya Mwanzo, mzee akasema amechoka, anataka mwanawe arudi barabarani. Nimeheshimu. Nusu shari si shari kamili, ndivyo alivyosema.

Lakini juzi mama kaniambia kitu. Lile bati la biskuti ambamo mzee huweka stakabadhi za AMCOS, sasa lina bahasha mpya. Ndani yake mna risiti ya pikipiki, kitabu cha waranti, na nakala ya barua yenye mhuri wa duka. Jirani alikuja kuuliza habari za kununua pikipiki, mzee akalitoa lile bati, akalifungua mbele yake, akamwambia, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ikitoa moshi, usimpigie simu mwanao wa Dar. Panda gari siku hiyo hiyo."

Nimekubali, mzee.

Wadau, nawakilisha. Alamsiki.